Mkanda wa Pijo ya Musyimi

Naapa mbele ya Mungu na mbele ya kaburi ya mama yangu, nikiongeza hata neno moja, ulimi ianguke hapa hapa.

Mwangangi ni fundi wa bodi za magari pale mji wa Salama. Kutoka hapo mpaka Mombasa hakuna mwingine. Akipitisha vidole kwa mlango, anajua unywele mmoja uko chini ya rangi. Macho ni ya nini?

Abdiwahab, yule wa malori ya ng'ombe, alimletea gari ya Pijo ya marehemu baba yake, irudi mpya kabisa. Ikabaki kitu moja tu: ule mkanda wa kromu unapita kwa mlango wa dereva.

Jioni Mwangangi akapanda milima ya Kilungu kuutafuta kwa nyanya mmoja, susu Kalekye. Bwanake, Musyimi, alikufa akiwa ameketi na tumbaku yake ya kunusa ndani ya Pijo kama hiyo. Bado iko nyuma ya jikoni, imeota majani.

"Chukua," susu akasema. "Lakini muite jina, umuombe kwanza."

"Susu, mimi niombe chuma?"

Mwangangi akacheka. Akabandua mkanda, akashuka.

Huko garage, giza ikianza, akabana klipu ya kwanza.

Tak.

Tak... ikajibu kutoka ndani ya mlango.

Na huo mlango alikuwa ameufungua mwenyewe. Ndani ni hewa tu.

Klipu ya pili. Tak... tak. Kidole gumba ikalala, ikafa ganzi. Harufu ya tumbaku ya kunusa ikamjaa puani. Wewe ungekimbia. Yeye akabana zote. Kila klipu, kidole moja.

Akapitisha mkono kwa mlango.

Hakuna kitu.

Akashika kikombe ya chai moto. Ngozi ikachubuka. Hakuna kitu.

Mkanda ukakataa kutoka. Bisibisi tatu zikavunjika. Asubuhi Abdiwahab akachukua gari yake, amefurahi.

Mwangangi akarudi Kilungu.

"Hukumuomba," susu akasema.

"Anataka chuma yake?"

"Chuma ya nini? Anataka kuongeleshwa. Tangu afe, hakuna mtu ameongea na yeye. Hata mimi."

Sasa kila jioni Mwangangi anaketi kwa ile gari mbovu, anaongea na kiti ya dereva. Vidole zimerudi kusikia. Imebaki moja, ile ya kupimia rangi.

Juzi Abdiwahab alipita Salama akiendesha na mkono wa kushoto. Ule wa kulia, alisema, umelala tu kidogo.

Tafadhali, hii maneno iishie hapa. Usiambie mtu. Abdiwahab kwanza, usimwambie.