Fomu ya Ishirini

Theluji ilipofunga shule za mji, chuo kikuu hakikufungwa. Kwa hiyo Nell Haskell, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alivaa viatu vyake vizito akafuatana na mama yake kazini, kama alivyozoea kila baridi inapozidi huko Iowa, Marekani.

Mama yake, Ruth, alikuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Kiingereza. Hakulipa ada. Badala yake alikuwa mwalimu msaidizi: aliwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuandika insha, na chuo kikamsamehe ada, kikampa posho na bima ya matibabu. Nafasi hiyo ilitolewa mwaka hadi mwaka. Ya mwaka wa tano, ambao Ruth aliuhitaji ili amalize tasnifu yake, waliipata wachache tu. Kamati ingeamua baada ya kusoma, pamoja na mengine, fomu ambazo wanafunzi humtathmini mwalimu wao bila kuandika majina.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya fomu. Kwa desturi, mwalimu hutoka nje, na mwanafunzi mmoja hukusanya fomu, hufunga bahasha na kuipeleka ofisini. Ruth aliweka fomu mezani, akatoka na Nell wakakaa kwenye benchi la ukumbini.

Nell alikuwa na wasiwasi. Usiku uliotangulia alimsikia mama yake akimwambia shangazi kwa simu kwamba wakikosa nafasi ile, watahama na masomo yataishia njiani. Akasema amesahau glavu darasani. Aliporudi ndani, wanafunzi walikuwa wameinamia karatasi zao; glavu aliiona, na fomu tupu zilizobaki mezani aliziona pia. Akachukua moja, akaweka alama ya juu kila mahali, akaandika mistari miwili na kuichomeka katikati ya zile zilizokwisha kujazwa. Alitoka na moyo mwepesi, akijiona amemwokoa mama yake.

Siku mbili baadaye Ruth alirudi nyumbani akaketi jikoni bila hata kuvua koti. Nell akamuuliza kuna nini.

"Darasa langu lina wanafunzi kumi na tisa," Ruth alisema. "Kwenye bahasha kuna fomu ishirini. Bi Dykstra wa ofisini anasema kanuni ni kuzitupa zote. Na atakayedhaniwa ameongeza ile moja ni mimi."

Nell angeweza kunyamaza, kwa kuwa hakuna aliyemwona. Lakini alimtazama mama yake, mtu ambaye hakuwahi hata kumwongezea mwanafunzi nusu alama kwa huruma, na aibu ikamshinda.

"Ni mimi, mama. Niliporudia glavu."

Ruth hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba kesho wataenda pamoja, na kwamba Nell ndiye atakayesema.

Bi Dykstra, katibu wa idara, alikuwa mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Alimsikiliza Nell mpaka mwisho, kisha akamsukumia karatasi tupu na penseli.

"Andika ulichoandika. Nisije nikatoa fomu ya mtu mwingine."

Nell akaandika: *Mwalimu huyu husoma kila insha mpaka mwisho, hata supu ikiungua. Tafadhali asiondoke.*

Bi Dykstra akapekua bahasha, akalinganisha mwandiko, akatoa fomu moja. Uso wake ukalegea kidogo. "Nilikuwa najiuliza ni mwanafunzi gani anayejua habari za supu yako, Ruth." Alieleza kwamba atampelekea mkuu wa idara maelezo kwa maandishi, na uamuzi utakuwa wake. Kisha akamgeukia Nell. "Binti, hizi kumi na tisa zilikuwa za kweli, na nyingi ni nzuri. Ulipoongeza moja ya uongo, hakuna aliyeweza kuziamini tena. Ulidhani unaongeza, kumbe unapunguza."

Mkuu wa idara alikubali maelezo, na zile kumi na tisa zikasomwa. Ilikuwa Februari barua ilipofika: Ruth amepewa mwaka wa tano. Nell alilia kwa furaha, na hakuona haya.

Jioni hiyo Ruth alitoa mkobani karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa ile fomu ya ishirini. Bi Dykstra alikuwa amemrudishia. Akaibandika mlangoni mwa friji.

"Maneno haya ni ya kweli, mwanangu," alisema. "Kosa ni kuyasema kwa sauti ya mtu mwingine. Siku nyingine ukiwa na neno zuri juu yangu, niambie mwenyewe, hapa mezani."

Nell akaenda kupunguza moto, maana supu ilikuwa imeanza kunuka kuungua.