Mama Pongo Nyuma ya Shuka

Kila jioni Emilienne alisonga ugali. Mama yake, Marcelline, alirudi kutoka shamba la mpunga akiwa hoi, kwa hiyo jiko lilikuwa la msichana huyo wa miaka kumi na miwili, naye hakuwa mvivu. Walikaa karibu na misheni, nje kidogo ya Kasongo, enzi za Wabelgiji. Jioni moja ya Desemba aliegemeza mkono kwenye ukingo wa sufuria iliyokuwa motoni, akaendelea kusonga. Mdogo wake Gaston, aliyemwita Yaya, yaani dada mkubwa, ndiye aliyepiga kelele.

"Yaya! Unaungua!"

Emilienne akautazama mkono. Ngozi ilikuwa imevimba, lakini hakusikia kitu. Karibu na kiwiko palikuwa na doa lililopauka, ambalo siku zote alidhani ni mba. Alilichoma kwa mwiba. Hakusikia kitu.

Akajua. Mjomba wake Hippolyte alianza hivyo hivyo, kisha akachukuliwa kwenda kambi ya wakoma, na tangu hapo jina lake halikutajwa nyumbani. Hata sahani yake ilitupwa.

Emilienne alimwambia Gaston anyamaze, akapakua ugali. Hakulia. Toka siku hiyo alikula bila kuonja, na wenzake walipocheka, yeye alitazama meno yao tu. Hata hofu hakuisikia vizuri. Alijua jambo moja: wakimwona, watamwondoa kwa mama yake.

Sasa, mwaka huo misheni ilikuwa na habari kubwa. Siku ya Noeli kungeonyeshwa sinema ambayo Kasongo haijapata kuiona: wanyama wa kuchorwa, wenye kutembea na kuimba, familia nzima ya pongo, wale paa wa msituni, iliyopotea ukunguni ikienda kumwona Mtoto Yesu. Sinema ilisema Kifaransa kitupu. Nani angeelewa? Padri akaamua sauti izimwe, na wanafunzi wasimame nyuma ya shuka jeupe la picha, wawaimbie wanyama kwa Kiswahili.

Mwalimu Placide aliwafundisha nyimbo. Tena akaagiza kila mtoto ajipake rangi za mnyama wake, hata siku za mazoezi. Nyuma ya shuka nani angewaona? Lakini Mwalimu Placide alikuwa na lake: mnyama huimbwa kwa mwili mzima, basi! Emilienne akapewa Mama Pongo, anayewaita watoto wake. Pongo ana madoa meupe. Emilienne alijipaka udongo mweupe mikono yote miwili, na doa lake likapotea katikati ya madoa mengine.

"Sauti nzuri," Mwalimu alimwambia. "Lakini unaita watoto waliopotea, mwanangu, huiti kuku!"

Wenzake wakacheka. Emilienne akaimba tena, vilevile.

Siku chache baadaye Grégoire, muuguzi wa zahanati, alikuja shuleni kukagua ngozi za watoto. Alipofika kwa Emilienne akasimama.

"Iko nini hii?"

"Ni madoa ya Pongo, Munganga. Mwalimu amekataza kuyafuta."

Grégoire akacheka, akapita. Rafiki yake Emilienne, aliyeitwa Safi, alimtazama kwa mshangao, maana Mwalimu hakukataza chochote. Emilienne akatazama pembeni.

Noeli ikafika. Giza lilipoingia, uwanja wa misheni ulijaa watu hadi barabarani. Wengine walitoka vijiji vya njia ya Kabambare kwa miguu, watoto mgongoni. Amisi, dereva wa gari la sinema, akawasha mashine. Lo! Tembo akatokea, akacheza ngoma, na uwanja mzima ukapiga vigelegele. Nyuma ya shuka watoto walibanana, wakiimba. Taa ya kandili ilikuwa imefichwa nyuma ya sanduku ili wasikanyagane. Emilienne, akingoja zamu yake, alisukumwa na wenzake hadi mkono wake ukabanwa kwenye kioo cha taa.

Harufu ndiyo iliyowashtua.

"Emilienne, mkono!" Safi akalia. "Mama wee, mkono wake!"

Nyimbo zikakatika. Juu ya shuka Mama Pongo alifungua mdomo, akafunga, akafungua, hakuna sauti. Watu wakaanza kunung'unika. Grégoire alikuja mbio, Marcelline nyuma yake. Muuguzi akaosha udongo kwa maji. Doa likaonekana wazi.

"Ulisikia moto?"

"Hapana."

"Toka lini husikii?"

Emilienne angeweza kudanganya tena. Alikuwa amechoka. "Toka kabla hujatukagua. Nilikudanganya, Munganga. Niliogopa utanipeleka kambini."

Watoto wawili watatu wakarudi nyuma. Grégoire hakurudi. Alimfunga bandeji bila haraka, huku akizungumza kwa sauti ili wote wasikie.

"Zamani tulipeleka watu huko. Sasa kuna vidonge. Mutoto atakaa kwao, atakuja zahanati kila juma, ameze mbele yangu. Itachukua miaka, simufichi. Lakini atapona."

Marcelline alimkumbatia mtoto wake mbele ya watu wote, na udongo mweupe ukamjaa kwenye kitenge.

"Amisi," Padri akaita, "rudisha picha nyuma."

Mashine ikanguruma. Mama Pongo akatokea tena ukunguni. Emilienne akaimba, mama yake akiwa amemshika bega: "Wanangu, muko wapi?" Upande wa pili wa shuka, wanawake waliozoea kuitana asubuhi kwenye ukungu wa mashamba hawakuweza kuacha mwito ule upite hivi hivi. Wakaitika kwa pamoja: "Tuko huku, mama! Tuko huku!" Emilienne akalia, akaimba hivyo hivyo akilia hadi mwisho.

Kesho yake Marcelline alimpeleka zahanati. Grégoire alimtolea kidonge cha kwanza.

"Niliyacheka madoa yako, nikapita. Hilo kosa langu," alisema. "Lakini sikiliza. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ngozi yako haiwezi tena kukuambia kwamba kuna moto. Basi mdomo wako ufanye kazi hiyo. Ukiungua, sema. Ukiona doa jipya, sema. Mimi na mama yako hatuwezi kulinda kitu tusichokijua."

Emilienne alikitazama kidonge kiganjani.

"Basi nasema," alijibu. "Ninaogopa."

"Vizuri," Grégoire akamwambia, akimpa kikombe cha maji. "Sasa tunaanza."