Nukta Nyekundu za Mwalimu Rémy

Mama Ramla aliuza maharagwe na chumvi mbele ya nyumba yake, mtaa wa Katoyi, mjini Goma. Asubuhi moja ya Novemba 2022 alikuwa akifagia ua. Mume wake, Yusufu, alikaa tu mlangoni. Yeye ni dereva wa basi dogo la Rutshuru. Lakini waasi walikuwa wameishika Rutshuru, na barabara ilifungwa.

Chumba cha nyuma kilikuwa na mpangaji, Mwalimu Rémy. Alitoka Rutshuru akiwakimbia waasi haohao. Ndivyo alivyosema yeye, na Ramla hakuwa na shahidi mwingine. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Mtu gani anakimbia vita bila godoro, lakini amebeba kompyuta?

Siku hiyo mlango wa Rémy ulikuwa wazi, mwenyewe hayupo. Ramla akachungulia. Ukutani aliona ramani kubwa yenye nukta maelfu kwa maelfu. Katikati zilikuwa za bluu, pembeni nyekundu tupu.

Goma nzima inajua maana ya nyekundu. Kwenye vibao vya volkano, kijani ni shwari, nyekundu ni kimbia. Mwaka uliopita mlima ulilipuka bila mtu kuonywa, na dada yake alipoteza nyumba. Basi hizi nukta ni nyumba zetu, Ramla akawaza. Nyekundu ni zile zitakazochomwa. Huyu anawachorea waasi.

Hakuuliza mtu. Alitupa ufagio, akaenda moja kwa moja kwa Papa Kataliko, kiongozi wa nyumba kumi.

"Papa, mupangaji wangu iko na karte, ramani ya manyumba yetu."

"Uko na hakika?"

"Niliona na macho yangu."

"Tutakuya saa tisa, na vijana ya mutaa."

Ramla alizunguka sokoni mpaka saa nane. Aliporudi, alimkuta Rémy ameketi uani na Yusufu, ramani imetandikwa miguuni pao. Yusufu alikuwa ameiona, akauliza tu.

"Hizi zote ni nyota?" Yusufu alisema.

"Hapana, papa. Kila nukta ni galaksi. Galaksi moja iko na nyota mabilioni. Batu ya sayansi banapima mahali kila moja iko, na darubini kubwa."

Ramla aliweka mikono kiunoni. "Na nyekundu?"

"Zile za mbali, mama. Ulimwengu unapanuka, galaksi zinaachana. Mwanga wa mbali unavutika njiani, unakuwa mwekundu. Bakipima ule wekundu, banajua umbali."

Ramla bado hakuamini. "Na weye unatafuta nini mule?"

"Mama, lava ya mwaka jana ilifanya nini?"

"Ilishuka mbio. Kisha ikapunguza, ikasimama Buhene, kando ya muji."

"Ndiyo. Batu ya sayansi balizania ulimwengu pia unapunguza mwendo, sababu galaksi zinavutana. Balipopima, kumbe unaongeza mbio. Kama lava ingefika Buhene ikaongeza mbio, ungesema nini?"

Ramla alifikiri. "Kuko kitu kinaisukuma."

"Kile kitu kinaitwa nishati giza. Hakuna mutu anajua ni nini. Galaksi ya mbali tunaiona vile ilikuwa zamani, sababu mwanga wake ulitoka zamani. Kwa karte hii banalinganisha mwendo wa zamani na wa sasa."

"Na Goma iko wapi?" Sauti ya Ramla ilikuwa ndogo sasa.

Rémy aliweka ncha ya kidole katikati. "Goma, Rutshuru, dunia muzima, iko humu. Haionekane."

Ramla akakumbuka saa tisa. Katika mji huu, mtu aliyeitwa mpelelezi hafiki kwa hakimu kila mara. Na aliyemwita hivyo alikuwa yeye.

Saa tisa walikuja. Papa Kataliko alitangulia, nyuma yake vijana kumi. Wawili walishika mawe. Mmoja alibeba tairi kuukuu. Ramla alisimama mlangoni pa ua.

"Papa Kataliko, nilikuambia bongo, uongo mutupu. Karte haiko ya manyumba. Ni ya galaksi."

"Asubuhi ulisema uliona na macho."

"Niliona. Sikuuliza."

"Mupangaji amemutisha huyu mama," kijana wa tairi alisema.

"Kama munaingia, muanze na miye," Ramla alijibu. "Ni miye njo nilimuchongea." Alijua kwamba Rémy anasikia, na aibu ilimchoma.

Papa Kataliko aliingia peke yake. Aliuliza maswali, akaitazama ramani kwa muda mrefu. Alipotoka aliwarudisha vijana makwao, tairi na mawe yao pamoja.

Siku nne Rémy hakumsalimia Ramla. Ramla aliona anastahili hivyo, na hakulalamika. Siku ya tano alisalimiwa, akaomba ramani. Rémy aliipigilia misumari ukutani mbele ya nyumba, penye maharagwe, na wateja huuliza habari za ile nyekundu. Ramla huwaeleza.

Na mtu akija kumnong'oneza habari za mgeni fulani aliyetoka Rutshuru, Ramla huacha kupima maharagwe.

"Yeye mwenyewe, ulimuuliza?"