Slaidi ya Pili

Kila siku baada ya masomo nilipitia maabara alikofanya kazi Mjomba, mdogo wake Mama, nikamsubiri turudi nyumbani pamoja. Nilikaa karibu na friza, daftari mapajani, mikono mbali na meza. Ndiyo sheria aliyonipa.

"Profesa, umekula?" aliniuliza kila mara.

"Nimekula, Mjomba. Pua ya Mama je?"

"Pua ya mama yako imekwenda likizo bila ruhusa. Tunaitafuta."

Mama alikuwa mpishi wa kantini ya hospitali. Baada ya mafua makali hakusikia tena harufu yoyote. Siku moja gesi ilivuja jikoni, naye yuko palepale, njiti ya kiberiti mkononi, hana habari. Mwenzake alimnyang'anya. Tangu hapo akawekwa kwenye kuosha vyombo, na walewale waliosifu mapishi yake wakamwita Pua ya Mbao. Sijamsahau hata mmoja wao.

Maabara ilikubali kumchunguza. Walichukua kipande kidogo cha ngozi ya ndani ya pua yake, wakakipaka kingamwili.

"Ni protini inayonata," Mjomba alinieleza. "Hii imetengenezwa ishike aina moja tu ya vipokezi vya harufu. Ikivipata, tunaona kijani kwenye hadubini."

Ili kuhakikisha haidanganyi, walipaka slaidi mbili, vile vioo vyembamba vya hadubini: moja ya mgonjwa, ya pili ya seli zisizo na kipokezi hicho kabisa. Ile ya pili lazima ibaki nyeusi. Ikiwaka, basi kingamwili inanata ovyo, na kijani cha slaidi ya kwanza hakina maana.

Alhamisi moja aliniita nichungulie. Slaidi ya Mama iling'aa kijani! Nusura nipige kelele. Kisha akaweka ya pili. Nayo iling'aa vilevile.

Mjomba aliichomoa, akaitupa kwenye ndoo ya vioo vilivyovunjika.

"Mjomba, si ile ilitakiwa iwe nyeusi?"

"Chupa hii ya kingamwili ndiyo tuliyobakiwa nayo, na Daktari, mkuu wa utafiti, anataka majibu kesho. Wewe hukuona kitu, sawa?"

Jioni ile alimwambia Mama vipokezi vyake ni vizima. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. "Jumatatu narudi kwenye jiko langu!" alisema. "Harufu itakuja yenyewe, maadamu pua ni nzima."

Nilimtazama Mjomba. Kikulacho ki nguoni mwako, husema wakubwa. Huyu alikuwa mezani kwetu, anajiongezea mchuzi.

"Mama, usirudi jikoni. Slaidi ya pili nayo iling'aa. Ameitupa."

"Mtoto huyu!" Mjomba alifoka. "Anajua nini mambo ya maabara?"

"Ninachojua umenifundisha wewe."

Mama aliweka kijiko chini. "Mdogo wangu, ni kweli?"

"Dada, nilitaka ufurahi. Halafu Daktari naye..."

"Nimekuuliza, ni kweli?"

"Ni kweli."

Asubuhi Mama mwenyewe alimpeleka Mjomba kwa Daktari, akamtaka ayaseme yote. Daktari alimwondoa kwenye kazi ile na kuagiza kingamwili nyingine. Safari hii slaidi ya pili ilibaki nyeusi kama inavyotakiwa. Ya Mama pia ilikuwa nyeusi: vipokezi havikuwepo.

Mama hakulia. Alikwenda kwa meneja wa kantini, akadai kengele ya gesi iwekwe ukutani. Kumbe ilikuwa stoo muda wote, bado ndani ya boksi! Hakuna aliyejali kuifunga. Ilipofungwa, Mama alirudi kupika, mwenzake akimsaidia kunusa.

"Mama, Mjomba amesema nimemsaliti," nilimwambia.

"Amesema hivyo?" Mama alinivuta karibu. "Yeye ni damu yangu, na chakula hapa atakula. Ila kuaminiwa, aanze upya. Na wewe nisikilize, mwanangu. Habari mbaya ya kweli imeniuma, lakini nimejua la kufanya. Ile nzuri ya uongo ingeniua huku nacheka. Mtu akikwambia hukuona ulichokiona, sema, hata kama ni ndugu. Ukweli hauna mjomba."