Kidude Namba Kumi na Tisa

Saa nne na dakika kumi asubuhi, ujumbe uliingia kwenye simu ya Sindano.

"Shangazi anaumwa. Mpelekee dawa ngomeni."

Akausoma mara moja, akaufuta.

Hakuna shangazi wala dawa. Maana yake ni moja tu: orodha imeonekana, na iko ndani ya basi hilihili alilokaa, kati ya watalii ishirini na wanne wanaokwenda kutembezwa kwenye ngome ya miaka mia nane.

Orodha yenyewe ni majina arobaini ya majasusi wa nchi yake walioko ughaibuni. Yote yamebanwa ndani ya kadi ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Nakala ni moja tu duniani. Kuna mtu anaiuza leo, na kuna mtu anainunua leo, kabla ziara haijaisha saa kumi jioni.

Jina la saba ni la dada yake Sindano. Ndugu wa toka nitoke, tumbo moja.

Dada amekaa miaka mitatu katika ofisi ya serikali ya huko ughaibuni, anapiga chapa barua za wakubwa, na anachokiona anakituma nyumbani. Kumpigia na kumwambia "kimbia" haiwezekani, maana simu yake inasikilizwa mchana na usiku. Orodha ikitoka ngomeni, watamfuata palepale mezani kwake, kabla hajafunga kompyuta.

Ndiyo maana Sindano, mtu ambaye ameshawahi kupigana na watu watatu ndani ya lifti, alikuwa ameketi kwenye ncha ya kiti kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Karibuni, karibuni, wapendwa wangu!"

Huyo alikuwa mwongozaji wa ziara. Mwembamba, mchangamfu, kashika mwavuli mwekundu juu ili asipotee mtu. Mbele ya geti la ngome akagawa vidude. Kila mtu kimoja. Kidude kinaning'inia shingoni kwa kamba, kina taa ndogo ya kijani, kina waya unaoingia sikioni. Yeye anaongea kwenye kipaza chake kidogo kilichobanwa kwenye kola, ninyi mnamsikia hata akiwa chumba cha pili.

"Mkimaliza mnavirudisha kikapuni. Atakayeondoka na kidude changu nitamfuata mpaka kwao, nioe dada yake!"

Watu wakacheka. Sindano hakucheka. Neno dada lilimchoma.

Wakavuka daraja la kuinuliwa. Wakaona ukumbi wa mfalme, jiko lenye meko ya kuchomea ng'ombe mzima, gereza la chini ambalo mfungwa alikuwa anateremshwa kwa kamba na kamba inavutwa. Sindano hakuona kitu. Alikuwa anahesabu mikono ya watu. Nani kampa nani nini. Alikuwa amemshuku mzee mmoja wa kofia, anayeinama kila mara kufunga kamba za viatu. Kumbe viatu vyenyewe vipya, vinamtesa tu.

Saa sita ilifika na hana lolote.

Mapumziko. Watu wakakaa kwenye mabenchi ya uani, wakafungua mikate yao. Mwongozaji akaaga, akaingia chooni.

Sindano alikuwa kashika mkate tu, haushuki. Waya bado uko sikioni.

Ghafla, mlio wa maji.

Yule bwana alikuwa kasahau kuzima kipaza!

"Jamani! Jamani, hewani!" akasema mama mmoja wa miwani minene, mtu mzima wa heshima zake. Akachomoa waya sikioni kama umemng'ata. "Aibu gani hii!"

Bwana harusi mmoja, mchinja nyama kwa kazi, mabega kama kabati, alicheka mpaka mkate ukampalia. Mke wake akamchomolea waya, akachomoa na wake. Kila mtu akachomoa. Ndiyo adabu. Nani anataka kumsikiliza mwenzake akiwa chooni?

Sindano peke yake hakuchomoa. Si kwa umbea. Alikuwa kasahau kwamba ana masikio.

Maji yakakata. Kikaja kimya. Halafu sauti, ya chini, haina uchangamfu hata tone.

"Ndiyo, mzigo uko ndani ya kidude namba kumi na tisa, chini ya betri. Mnunuzi kakivaa toka asubuhi. Ziara ikiisha harudishi kikapuni, anaondoka nacho... Ndiyo. Ila wametuma mtu. Kijana wa shati la buluu, nilimjua toka kwenye basi, yule wa jina la saba ni dada yake... Usijali. Atapanda mnarani. Hatashuka."

Sindano akatazama shati lake.

Buluu.

Akatoa simu, akageukia ukuta.

"Mama Mkubwa."

"Sema," bosi wake akajibu.

"Muuzaji ni mwongozaji. Mzigo uko kwenye kidude namba kumi na tisa. Na wananijua."

"Nani kakivaa?"

"Sijui. Namba iko mgongoni mwa kidude, imelalia kifuani."

"Vijana wangu wako dakika arobaini kutoka hapo. Ngome ina milango mitatu. Ukimpoteza machoni, basi."

"Wanataka kuniulia mnarani, Mama Mkubwa."

"Nimesikia," akasema. "Panda."

Mwongozaji akatoka chooni, anapangusa mikono. Watu wakaanza kucheka chinichini. Mama wa miwani akamtikisia kidole.

"Mwanangu, siku nyingine ukienda kujisaidia, zima kipaza. Umetusomea habari yote!"

Watu wakaangua kicheko. Mwongozaji naye akacheka, ila macho hayakucheka. Yalizunguka. Yakapita kwa bwana harusi, waya mkononi. Kwa mzee wa kofia, waya mezani. Yakafika kwa Sindano.

Waya sikioni.

Wakatazamana. Sekunde mbili, lakini Sindano alijisikia kazeeka mwaka.

"Haya wapendwa," mwongozaji akasema, na mwavuli ukapanda juu. "Sasa mnara!"

Ngazi mia mbili na kumi. Zinazunguka kama ganda la konokono, nyembamba, mtu mmoja kwa mmoja, jiwe limelika katikati kwa miguu ya karne nane. Ukutani mna vijitundu vya kurushia mishale, na ukichungulia unaona chini kunavyozidi kuwa mbali. Sindano alipanda katikati ya watu. Mbele mgongo, nyuma pumzi. Bastola yake ya Beretta aliiacha nyumbani kwa sababu getini wanapekua mifuko. Kabaki na kalamu na tikiti.

Juu ni wazi. Upepo mkali. Ukuta wa kuzuia unafika kiunoni tu, tena umekatwakatwa mapengo kama meno ya kitoto. Chini, mita hamsini, mawe.

"Zimeni vidude, wapendwa!" mwongozaji akapaza sauti. "Huku upepo utawapasua masikio. Tazameni mandhari, pigeni picha!"

Taa za kijani zikazimika moja moja.

Sindano akaacha yake inawaka.

Mwongozaji akaenda pembeni kabisa, akawapa watu mgongo, kama anatazama bonde.

"Shati la buluu." Sauti ikaingia moja kwa moja sikioni, laini. "Najua hujazima. Usigeuke. Unaliona pengo lililo mbele yako?"

Sindano aliliona.

"Wewe ni mtalii. Umeinama kupiga picha, umeteleza. Inatokea. Ukifanya hivyo mwenyewe, kimya kimya, mimi nafuta jina la saba. Dada yako atakunywa chai yake, atarudi nyumbani, atazeeka. Usipofanya, leo jioni wanamchukua. Chagua."

Na hapa nisikufiche: alisogea. Hatua moja. Akaweka kiganja kwenye jiwe, jiwe baridi, akachungulia, na dunia yote ikamwita kutoka chini. Alimwona dada yake anavyochana nywele huku kashika kipande cha mkate kwa meno. Akasogea hatua ya pili.

"Vizuri," sauti ikasema. "Jasiri."

Sindano akageuza uso kidogo, apate hewa.

Hatua tano kutoka kwake amesimama mama wa miwani. Hapigi picha. Hatazami bonde. Anamtazama yeye, na kichwa kakiinamisha upande, kama mtu anayesikiliza redio. Kifuani kwake taa ya kijani inawaka.

Mbili tu zinazowaka mnarani kote. Ya Sindano, na yake.

Upepo ukapiga, ukakipindua kidude chake.

Kumi na tisa.

Kwa hiyo kule uani hakuwa anatania. Alichomoa waya kuwaonyesha watu, akaurudisha wakiwa wanacheka, kisha akamtahadharisha mwenzake mbele ya watu wote!

Halafu kitu cha pili kikamgonga Sindano kichwani, kikubwa kuliko cha kwanza. Orodha iko shingoni kwa huyu mama. Imeshatoka mikononi mwa mwongozaji. Sasa atafutaje jina la saba? Kwa kifutio gani?

Uongo mtupu. Angeruka, na dada angekamatwa vilevile.

"Nahesabu mpaka kumi," sauti ikasema. "Moja."

Sindano akamgusa bwana harusi mgongoni. Midomo mikavu.

"Kaka, washa kidude. Anaeleza kitu kizuri sana."

"Si katuambia tuzime?"

"Washa tu, kaka. Waambie na wengine."

"Tatu."

Watalii ni watu wa kufuata mkumbo. Bwana harusi akawasha, mkewe akawasha, akamgusa mzee wa kofia. Washeni, washeni, anaeleza. Taa zikarudi kama vimulimuli.

Mama wa miwani akaziona. Akafungua mdomo, lakini amwiteje yule mtu bila kujianika?

"Sita," sauti ikasema kwenye masikio ishirini na matano. "Ruka, kijana. Mawe yale yanaua haraka, hutasikia kitu. Saba. Au unataka dada yako avunjwe vidole kimoja kimoja?"

"Loo, mchezo mzuri!" mzee wa kofia akanong'ona. "Utadhani kweli."

"Si mchezo," bwana harusi akasema, sauti nzito. "We! We bwana! Unamwambia nani aruke?"

Mwongozaji akageuka. Akakuta nyuso zote zinamtazama, taa zote za kijani zinamtazama. Mkono ukaenda kwenye koti. Haukufika. Mchinja nyama aliyezoea kumlaza fahali hachelewi na mtu wa kilo sitini. Alimlaza kifudifudi, akamkalia, na bastola ndogo ikaserereka mpaka miguuni kwa bibi harusi, ambaye aliikanyaga na kupiga ukunga.

Mama wa miwani hakuwepo tena.

Ngazi!

Sindano alishuka akijigonga mabega kuta zote mbili. Alimsikia mbele yake, viatu vinapiga mawe, ka-ka-ka-ka. Kisha vikanyamaza. Badala yake zikaja kelele za watoto.

Msafara wa shule ulikuwa unapanda. Watoto sitini, mabegi mgongoni, wamejaza ngazi kama mguu ulivyojaa soksi.

"Mama, bana ukutani," mwalimu wao alikuwa anasema. "Sheria ya mnara, wanaopanda kwanza."

"Nina haraka, mwalimu."

"Na mimi nina sitini. Bana."

Mama akabanwa ukutani. Sindano akamfikia, akabanwa naye, uso kwa uso, pua kwa pua. Kitu kigumu kikamgusa mbavuni kupitia kitambaa cha mkoba: mwongozaji hapekuliwi getini, bastola alipitisha mbili.

"Ukinigusa nafyatua," mama akanong'ona, anatabasamu kwa ajili ya watoto. "Itapita kwako, iingie kwa hawa."

"Shikamoo," mtoto akasema akipita.

"Marahaba, mjukuu wangu," mama akajibu.

Sindano alikuwa na hofu mpaka meno yanamuuma. Alisubiri. Mtoto, mtoto, begi. Mtoto, begi. Begi moja kubwa, la mtoto mnene, likajisukuma kati yao na kunasa kwenye mkoba. Mtoto akavuta. Mkoba ukaenda naye, na mkono wa mama ndani yake, umepinda vibaya.

Hapohapo.

Sindano akavuta kamba shingoni kwa mama ikakatika, akakipasulia kidude jiweni, akaipata kadi chini ya betri. Ndogo kama ukucha.

Akaimeza.

Mama alimtazama kana kwamba kamla mwanawe. Kufyatua kwa faida gani tena? Kwenye ngazi zilizoziba juu na chini? Akautoa mkono mkobani, mtupu. Akarekebisha miwani.

Vijana wa Mama Mkubwa walifika na kumkuta bado kabanwa palepale, Sindano kamshika mkono kama anamsaidia mzazi wake. Juu wakamchukua mwongozaji chini ya mchinja nyama.

Nje ya geti, simu.

"Mzigo?" Mama Mkubwa akauliza.

"Tumboni."

"Unasemaje?"

"Nimeumeza."

"Kuanzia sasa huingii chooni bila ruhusa yangu."

"Ndiyo, Mama Mkubwa. Na... dada?"

"Yuko mezani kwake. Hajui kitu."

Akakata. Kwenye maegesho, dereva wa basi alikuwa anagomba: kaleta watu ishirini na sita pamoja na mwongozaji, wamerudi ishirini na watatu, yeye haondoki mpaka hesabu itimie. Sindano alimpita bila neno, akashika barabara kwa miguu.

Simu ikalia tena. Namba ya ughaibuni. Hiyo inayosikilizwa.

"We mtoto!" dada yake akafoka. "Wiki tatu hunipigii, nimefariki? Uko wapi?"

"Matembezini, dada."

"Matembezini! Wenzako wanafanya kazi. Umekula?"

"Kidogo."

"Mbona unaongea kama unalia?"

"Mafua."

"Haya, vaa sweta. Nafunga kompyuta, naenda nyumbani, nimechoka."

"Nenda, dada," Sindano akasema. "Nenda nyumbani."

Akarudisha simu mfukoni. Akafunga vifungo vya shati la buluu mpaka shingoni. Akatembea.