Mkono Nje ya Behewa

Mlango wa behewa la mwisho uligongwa kutoka nje, na treni ilikuwa imekwisha kushika kasi.

Polisi wa reli, ambaye abiria walimwita Kufuli, alidhani ni jiwe. Kazi yake ilikuwa kufunga milango kwa ufunguo kila treni inapoondoka, asije mtu akadondoka, na aliifanya kwa moyo mpaka mkewe akamtania kuwa hata sufuria za nyumbani angezitia komeo. Siku hiyo mkewe alikuwemo safarini, behewa la kati, pamoja na binti yao mdogo.

Mlango ukagongwa tena. "Afande, nivute! Mikono inaniishia nguvu!"

Wadandiaji walikuwa ugonjwa wa njia ile, na amri ya kazi ilikuwa moja: anayening'inia avutwe kwanza, kelele baadaye. Kufuli akafungua. Aliona mkono tu, umeshika bomba la mlangoni. Akaukamata. Jua lilikuwa kali, lakini mkono ule ulikuwa umelowa na wa baridi kama samaki aliyetolewa kwenye barafu. Akavuta kwa nguvu zake zote, akaanguka chali. Hakuna aliyeingia. Ilipita harufu tu, ya nywele zilizoungua, ikaelekea mabehewa ya mbele.

Mkaguzi wa tiketi, mzee wa miaka mingi relini, alimkuta akifunga mlango.

"Umemvuta?" alinong'ona.

"Sijaona mtu, mzee."

"Mwanangu, mlango haumzuii yule. Anachongoja ni mkono wa binadamu. Akishavutwa, huvaa sura anayoitaka. Una mtu wako humu?"

Kufuli alikwisha kutimua mbio. Alimkuta mkewe anamenya chungwa, peke yake.

"Umesahau nini tena? Na mtoto umemwacha wapi?"

"Mtoto? Si uko naye?"

"Acha mzaha, baba. Umemchukua sasa hivi, umesema akaone mto. Nikakuuliza mbona unanuka moshi, ukacheka tu."

Akarudi mbio, akipiga watu vikumbo, akikanyaga mizigo na miguu bila kuomba radhi, mkewe nyuma yake analia jina la mtoto, na kabla hajaufikia mlango ule, uliofungwa vilevile alivyouacha, akasikia unagongwa tena kutoka nje, safari hii chini, kwenye kimo cha mtoto.

"Baba, nifungulie! Naanguka!"

"Usifungue," mkaguzi alimshika mkono. "Muulize kwanza kitu."

"Ni mwanangu, mzee! Nikiuliza akaachia je?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nani angemlaumu? Alifungua, akakamata kimkono, akavuta, na safari hii mtu aliingia: binti yake, ndala mguu mmoja, kwikwi zimemkaba. Kufuli akaubamiza mlango, akaufunga, akamkumbatia. Mama mtu akaja akamshukuru Mungu kwa sauti. Mkaguzi peke yake alikuwa amerudi nyuma, ameziba pua.

Ndipo Kufuli naye akaisikia ile harufu, ikitoka kwenye misuko ya mtoto aliyelala begani mwake. Treni ikaanza kuvuka daraja. Nje, mlango ukagongwa kidogo, kwa nguvu za mtu aliyechoka.

"Baba, huyo si mimi."

Akapapasa kiunoni. Ufunguo ulikuwa mkononi mwa mtoto, na alipojaribu kuuchukua, vidole vile vilikuwa vimelowa na vya baridi.