Ukipotea, Simama

Zadock na mkewe Peres wanaishi Kangemi, ghorofa ya nne. Zadock ni fundi wa mabomba. Siku nyingi huwa Loresho, akirekebisha mifereji katika nyumba za watu. Peres hushona nguo katika duka moja la Hurlingham. Binti yao, Ivyne, ana miaka sita. Akitoka shule, hucheza kwenye ngazi, kwa sababu chini ni barabara ya pikipiki.

"Mama, leo pia ni ngazi?" Ivyne aliuliza Jumamosi moja.

Peres alimtazama mumewe. "Baba Ivyne, huyu mtoto hana pa kukimbia."

"Kuna bustani ya umma karibu na ninapofanya kazi," Zadock akasema. "Ina miti, ina njia za kutembea, na mahali pa kukaa na kula. Kesho tukitoka kanisani, twende mandari."

Ivyne aliruka hadi jirani wa chini akagonga dari.

Jumapili Peres alifunga chapati na mayai, akajaza chai kwenye thamosi. Langoni walikaribishwa na askari wa bustani, mwanamke aliyeitwa Nyakio. Aliwaonyesha kibao chenye ramani ya njia zote. Lakini walikuwa na njaa, hawakusimama kukisoma. Walitandika leso kwenye nyasi, wakala, wakashiba. Kisha wakaingia njia ya msituni.

Ivyne alikimbia mbele. Simu ya Zadock ikalia. Bomba la mteja lilikuwa limepasuka. Peres naye aliinama kufunga kamba ya kiatu. Alipoinuka, aliona mbele yao njia imegawanyika mbili, na mtoto haonekani.

"Ivyne!"

Peres aliita tena, kwa sauti zaidi.

Zadock alikimbilia kulia, Peres kushoto. Waliita, wakazunguka, wakakutana tena pale pale, kila mmoja peke yake. Chini kwenye miti maji ya mto yalisikika. Peres aliyasikia, akamshika mumewe mkono.

"Twende langoni," alisema. "Twende sasa hivi."

Nyakio hakuwalaumu. "Poleni. Amevaa nini?"

Zadock alifungua mdomo. "Nafikiri... bluu?"

"Manjano," Peres akasema. "Gauni la manjano. Nililishona mimi."

Nyakio alizungumza kwa redio yake na mwenzake Kibe, aliyekuwa lango la chini. "Mtoto wa gauni la manjano asitoke na mtu yeyote hadi tumwone." Kisha akamgeukia Peres. "Mama, rudi pale njia inapogawanyika. Usiondoke hapo. Akirudi, akukute. Baba, wewe twende na mimi."

Walimpata mbali sana, karibu na daraja la mto. Alikuwa bado anatembea, huku analia, kiatu kimoja kimejaa matope.

"Nilikuwa nawatafuta," alisema. Zadock alimwinua, akamfuta machozi.

Peres alipomwona alimkumbatia kwa nguvu. Kisha hasira ikampanda. "Kwa nini ulikimbia? Si nilikwambia..."

"Mama, usimgombeze sasa," Nyakio akasema taratibu. "Akiogopa kugombezwa, siku nyingine atajificha watu wakimtafuta."

Alichuchumaa mbele ya Ivyne. "Sikiza. Siku ukiona huwaoni baba na mama, simama. Usitoke njiani. Shika mti ulio karibu, uite kwa sauti kubwa. Wewe ukitembea, na wao wakitembea, mtapishana siku nzima. Sawa?"

"Sawa," Ivyne akasema. "Nisimame. Nishike mti. Niite."

"Na sisi?" Zadock aliuliza.

Nyakio aliwarudisha kwenye kile kibao. "Kabla ya kuingia, someni hii ramani. Chagueni mahali pa kukutana, kama kile kibanda cha paa la kijani. Mpigeni mtoto picha hapa langoni, ili mjue amevaa nini. Mwandikieni nambari yenu ya simu mkononi. Njiani, mtu mzima mmoja atangulie na mwingine awe nyuma. Na akipotea, tuambieni mara moja; chukueni nambari yangu ya simu."

Zadock aliinamisha kichwa. "Niliona aibu kusema nimempoteza mtoto wangu."

"Wengi huona aibu," Nyakio akasema. "Lakini hiyo ndiyo kazi yetu."

Baada ya wiki kadhaa, Millicent, mama yake Zadock, alikuja kutoka Siaya kutibiwa macho. Siku ya mandari wakaenda naye. Langoni walisoma ramani, wakapigana picha. Ivyne alichukua kalamu.

"Dani," akamwambia bibi yake kwa Kijaluo, "leta mkono nikuandikie nambari."

"Mimi? Mzee kama mimi nitapotea?" bibi akacheka, lakini mkono akautoa. Ivyne akamfundisha yote aliyofundishwa.

Mchana walisimama msituni kumtazama ndege mwenye mabawa mekundu. Walipogeuka, Dani hayuko.

Safari hii hakuna aliyekimbia ovyo. Zadock alimpigia Nyakio simu papo hapo, akamweleza: kitambaa cheupe kichwani, sweta ya zambarau. Peres na Ivyne walibaki pale pale, wakiita. Walipotulia kusikiliza, wimbo wa kanisa ulitoka nyuma ya kona, kwa sauti ya kutosha kanisa zima.

Walimkuta Dani kando ya njia. Mkono mmoja ulikuwa umeshika mti.

"Kulikuwa na watu wengine, nikadhani ni nyinyi, nikawafuata," alisema. "Macho haya! Kuwasikia wakiongea, nikajua nimekosea. Nikasimama. Nikashika mti. Kuita nikachoka, nikaanza kuimba."

Nyakio alifika akihema. Alipoona hali ilivyo alicheka hadi akafuta machozi. Peres alimwalika kwenye leso yao, akakubali kikombe kimoja cha chai kabla ya kurudi kazini.

Ivyne alianza kugawa chakula. Alishika chapati mbili, moja kubwa na moja ndogo, akifikiria ampe nani ipi.

"Hiyo kubwa nipe mimi, mwalimu," Dani akasema. "Nimefaulu mtihani."